Mkono wa Kulia wa Bi Siwema

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu marehemu baba yangu akiwa kijana. Kwa hiyo mniwie radhi. Nitasema tu "kwetu", na mwenye kujua atajua.

Mimi naitwa Mbaruku, karani wa Mahakama Kuu. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa. Maoni sina. Nilikuwa nayo mawili matatu nilipoajiriwa, nikayakabidhi ofisi ya utumishi pamoja na vyeti vyangu, nikaambiwa nitarudishiwa nikistaafu.

Wanaosema kwetu hakuna haki ni wachochezi. Haki zipo, nimeziona kwa macho yangu haya. Zimechapwa kwa wino wa dhahabu, zimewekwa katika kabati la kioo pale ukumbini, na kabati lina kufuli mbili ili zisipotee. Ibara ya kumi na nne ndiyo fupi kuliko zote: "Kila mtu atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa." Wahutubiaji wa sikukuu huipenda kwa sababu hawaisahau. Basi matatizo yote ninayoyasimulia yalianzia kwenye ibara hiyo, na kwa mkunga mmoja aitwaye Bi Siwema.

*

Bi Siwema alivuka mpaka mwaka wa mafuriko makubwa, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba na kanga mbili zilizolowa. Askari wa mpakani alikuwepo, msije mkasema serikali ilizembea. Alikuwa amepanda juu ya bati la ofisi yake, anangoja maji yapungue. Akamwambia, "Pita dada, usije ukafa." Alipita, akafika mtaani kwetu Matopeni, akakaa miaka thelathini na nne akizalisha wanawake.

Sasa lazima nieleze mila yetu, maana wageni huwa wanaishangaa. Kwetu mtoto hahesabiwi kuwa amezaliwa mpaka aliyempokea achovye kiganja katika wino wa buluu na kukipiga kwenye cheti chake. Zamani mababu walitumia masizi na kupiga kiganja mlangoni mwa nyumba. Serikali ikaleta wino na fomu. Mtu ambaye cheti chake hakina kiganja, hata awe na wajukuu, kwa hesabu za serikali bado yuko tumboni, na kuna mzee mmoja wa huku kwetu amekosa pensheni kwa sababu hiyo.

Kiganja cha Bi Siwema kipo kwenye vyeti elfu mbili mia moja na kumi na saba. Changu ni kimojawapo. Kila tulipokutana, hata nikiwa nimefuatana na wakubwa, alinikumbusha. "Mbaruku mwanangu, wewe ulitanguliza makalio. Nikasema huyu atakuwa mtu wa serikali." Nilikuwa naona haya, lakini nilimpenda.

Alikuwa na binti mmoja, Tunu, raia halali, aliyepokewa na jirani. Tunu alikuwa na mimba ya miezi minane na mtoto amekaa vibaya, kakingama kwa ubavu. Mtoto wake wa kwanza alikaa vivyo hivyo, akafa, siku ambayo Bi Siwema alikuwa ameitwa upande wa pili wa mji kumzalisha mke wa mkubwa fulani. Hakujisamehe. Safari hii aliapa kwamba atakayemgeuza mtoto wa Tunu ni yeye, kwa mikono yake, na hatabanduka.

Ikatoka amri kwamba mkunga asiye na kitambulisho asiguse tumbo la mtu. Bi Siwema, mtii wa sheria, akaenda kupanga foleni ya vitambulisho. Swali la kwanza kwenye fomu liliuliza: Uliingia nchini kwa mlango gani? Akaandika: Kwa miguu, kulikuwa na maji.

Alikamatwa palepale. Na hapa naisifu serikali yangu, maana walingoja kwanza zamu yake ifike.

*

Pembeni ya ukumbi wa mahakama kuna chumba cha viti vibovu. Kina mlango mmoja, na kidirisha cha kupitishia majalada kinachotazama ukumbini. Serikali ilipiga mstari wa chokaa mlangoni ikatangaza kwamba chumba kile kiko nje ya nchi. Bi Siwema akawekwa humo, na Koplo Mbwilo akasimamishwa mlangoni kulinda mpaka.

Siku ya kesi aliinuka Wakili wa Serikali, Bwana Kasembe, kijana wa miaka thelathini na moja anayevaa joho hata akienda sokoni kununua nyanya.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "Katiba ni paa. Paa hufunika waliomo nyumbani. Mwanamke huyu hakupita mlangoni. Asiyepita mlangoni hajaingia, na asiyeingia hayumo. Sisi hatubishi kwamba yeye ni mtu. Serikali hii si katili. Tunasema tu kwamba ni mtu wa kwingine, na huko kwingine ndiko akasikilizwe."

Jaji Ndimangwa ni mzee mtaratibu, hulala kwa heshima. Aliuliza, "Na huko kwingine wanamtaka?"

Bwana Kasembe akasoma barua kutoka nchi jirani. "Kwa mujibu wa daftari letu, Siwema binti Makame hajawahi kutoka nchini mwetu, kwa kuwa hakuomba ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo yupo huku, na anaendelea vizuri. Huyo mliye naye hatumfahamu."

"Kwa hiyo hapa hayupo, na kule yupo," alisema Jaji.

"Naam, Mheshimiwa. Kisheria kila kitu kiko mahali pake. Ni mwili tu uliochelewa."

Ndipo Bi Siwema alipoinama kwenye kidirisha. "Bwana Jaji, mimi niko hapa. Sitaki maneno mengi. Mwanangu amebakiza wiki tatu na mtoto amekingama. Nipeni siku moja nikamgeuze, halafu mnitupe mnakotaka."

Ukumbi mzima ukatazama dari. Jaji akanigeukia. "Karani, umesikia chochote?"

Nina mke na watoto watatu, na nyumba ya serikali inayotoa maji kila Jumanne. Nikasema, "Feni tu, Mheshimiwa." Nikaandika kwamba mahakama ilikuwa kimya. Niliona aibu, nasema waziwazi, aibu iliyonikaa kifuani wiki nzima mpaka mke wangu akanichemshia tangawizi.

Hukumu ilikuwa na kurasa tisini, nami naifupisha. Haki ya kusikilizwa ni ya aliyemo nchini. Ili kujua kama Bi Siwema yumo, ni lazima asikilizwe. Hawezi kusikilizwa mpaka awemo. Anaruhusiwa kabisa kuingia kwa kupitia mlango halali ulioko mpakani, ila hawezi kwenda mpakani, kwa kuwa angelazimika kupita ndani ya nchi. Kwa hiyo akae chumbani mpaka aingie.

Watu walipiga makofi. Walisema haijawahi kutolewa hukumu iliyojaa kiasi kile.

Kuanzia siku hiyo nilipewa kazi ya kumpelekea uji asubuhi. Kwa kuwa chumba ni nje ya nchi, ilibidi nikate pasipoti, na Koplo Mbwilo akawa ananigongea muhuri nikitoka na kunigongea nikirudi. Mimi ambaye sijawahi kufika hata mkoa wa pili, katika siku kumi nilisafiri nje mara kumi. Majirani wakaanza kunisalimu kwa heshima.

"Tunu anaendeleaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake kila nikiingia.

"Anakusalimu. Anasema mtoto anampiga mateke ya mbavu."

"Upande gani?"

"Wa kushoto, mama."

Hapo alikuwa akiacha uji upoe.

*

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kijana wa Mkuu wa Nchi. Alikuwa anataka ubunge. Mpinzani wake, mtu asiye na adabu, akaomba kuona cheti chake cha kuzaliwa, na juu ya cheti kulikuwa na kiganja cha buluu cha nani? Cha Bi Siwema. Mpinzani akauliza swali dogo tu. Kama mkunga hakuwemo nchini, mtoto alipokewa na nani? Na kama hakupokewa, anagombeaje ubunge akiwa tumboni?

Taharuki iliyoingia serikalini msiiombe. Kumbe na cheti cha Bwana Kasembe kilikuwa na kiganja kilekile. Cha Koplo Mbwilo pia, na changu mimi. Kwa siku mbili nilitembea nikijishika tumbo, sijui kama nimezaliwa.

Nilidhani sasa Bi Siwema atatolewa. Ndivyo akili za mtu wa chini zilivyo. Siku ya tatu Mahakama ilikaa, na Bwana Kasembe akainuka akiwa na jasho lakini ana furaha.

"Mheshimiwa Jaji, tumekuwa tukichanganya mambo. Aliyewapokea raia wetu elfu mbili mia moja na kumi na saba si mwanamke huyu. Ni mkono wake wa kulia. Mkono ndio unaoonekana kwenye vyeti. Miguu yake haionekani popote, na ni miguu ndiyo iliyovuka mpaka. Kwa nini mkono uadhibiwe kwa kosa la miguu? Serikali inaomba mkono huo, kuanzia vidole hadi begani, upewe uraia, kuanzia mwaka wa mafuriko."

Ombi lilikubaliwa kabla hajakaa. Kukafanyika sherehe. Mkono ulipitishwa kwenye kidirisha, ukavishwa bangili ya rangi za taifa, ukaapa juu ya Katiba, na Waziri akaja mwenyewe kuupa pole na hongera. Ukapigwa picha ya kitambulisho. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa na mkono ukatakiwa usimame wima.

Wimbo ulipokwisha, Bi Siwema aliuliza kupitia kidirisha, "Sasa huu mkono wangu unaweza kwenda kumshika mwanangu?"

"Bila shaka," alisema Bwana Kasembe. "Mkono uko huru kwenda popote nchini."

"Na mimi?"

"Wewe nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kisheria.

Kwa kuwa mkono sasa ulikuwa na haki zote, uliitwa kusikilizwa chini ya ibara ya kumi na nne. Jaji Ndimangwa aliusikiliza nusu saa nzima, bila kusinzia. Haukusema neno. Bi Siwema akaomba kalamu, na mkono ukaandika kwa herufi kubwa: NIACHIENI NIENDE KWA TUNU, SIKU ZIMEFIKA. Bwana Kasembe akapinga. Ibara inasema atasikilizwa, alisema, haisemi atasomwa. Karatasi ikarudishwa.

Siku hiyo nilipompelekea uji nilimkuta ameuweka mkono wa kulia juu ya paja, anautazama. "Mbaruku," aliniambia, "huu nimekuwa nao miaka sitini na moja. Leo unanizidi cheo." Kisha akalia, na mimi nikalia, tukiwa wote wawili ughaibuni.

*

Uchungu ulimshika Tunu siku ya Alhamisi, saa tano ya asubuhi. Hakwenda hospitali. Alikuja mahakamani akishikiliwa na majirani wawili, wakati kesi ya mbuzi ikiendelea, akajilaza kwenye benchi chini ya kidirisha cha majalada. "Mama," alisema, "nimekuja. Usiniache kama mara ile."

Mkono wa kulia ulitoka. Hakuna aliyeweza kuuzuia, ni raia. Ukapapasa tumbo taratibu, ukasimama.

"Bado amekingama," sauti ya Bi Siwema ilitoka ndani. "Kichwa kiko kushoto. Mmoja unasukuma kichwa, mwingine unapandisha makalio. Nataka mkono wa pili."

Bwana Kasembe alikuja mbio na joho lake. "Mkono wa kushoto hauna kibali."

"Baba, wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana."

"Wahenga hawakupitishwa na bunge," alijibu. "Lakini serikali ina huruma. Serikali itatoa mkono wa kushoto mbadala." Akautoa wa kwake. Aliuweka juu ya tumbo la Tunu, tumbo likajikaza, na Wakili wa Serikali akaanguka chali na joho lake. Tulimlaza kando ya mbuzi, ambaye alikuwa kielelezo namba moja.

Tunu alipiga ukelele. Sitausahau. Haukuwa ukelele wa uchungu wa kawaida, nimeuguza mke mara tatu, naujua. Ulikuwa wa mtu anayeona jambo lilelile linamrudia.

Mkono wa kushoto ukatokeza dirishani. Ulikuwa mkono wa kawaida tu, una kovu la kuungua na hauna bangili. Koplo Mbwilo akatoka mlangoni, akasimama mbele yake. "Simama! Kwa jina la Jamhuri, rudi ulikotoka!" Mkono ukasimama hewani.

"Mbwilo," sauti ilisema polepole. "Wewe ulikuja na kitovu kimekuzunguka shingoni mara mbili. Nilikifungua kwa huu. Wa kulia ulikuwa umemshika mama yako."

 Koplo akageuka akautazama ukuta. "Mimi nakagua ukuta," alisema. "Una nyufa nyingi, huu ukuta."

Basi mikono ile miwili ikafanya kazi. Wote ukumbini tuliona, na sote tulijua tunachokiona. Mmoja ulisukuma, mwingine ukapandisha, tumbo likajikunja, likanyooka, na Bi Siwema akawa anaongea na mjukuu wake kwa sauti ya chini, "Geuka mama, geuka, njia ni huku." Ilichukua karibu saa nzima. Majirani walitanda kanga. Mtoto alitoka akiwa mzima, wa kike, akalia kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

Jaji Ndimangwa akazinduka. "Karani, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa," nilisema. 

*

Bwana Kasembe alipopata fahamu aliuliza swali moja, na naapa lilikuwa swali zuri kisheria. Mtoto ameguswa kwanza na mkono upi? Kama ni wa kulia, ni raia. Kama ni wa kushoto, hajaingia, na apelekwe chumbani.

Shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi. Nilikuwa nimeshika kalamu yangu hatua moja kutoka benchini, na niliona vizuri. Ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umetangulia chini kushika kichwa, wa kulia ukafuata.

Nimeandika mambo mengi ya uongo maishani mwangu, lakini yote yalikuwa ya wengine. Ule ulikuwa wangu mwenyewe. Nikasema, "Wa kulia." Tunu alinitazama, akafumba macho. Kiganja cha buluu kikapigwa kwenye cheti, na mtoto akazaliwa rasmi saa saba na dakika kumi. Jina walimpa Salama.

Nilidhani yameishia hapo. Jumatatu mkono wa kushoto ulishitakiwa kwa kuingia nchini bila kibali na kukaa humo dakika hamsini na tano. Haukusikilizwa, maana si raia. Mkono wa kulia uliitwa kuwa shahidi wa serikali, ukaonyeshwa mwenzake, ukaambiwa umnyooshee kidole. Haukunyoosha, ukatozwa faini ya kuidharau mahakama. Wa kushoto ukapata miaka mitano, utumikiwe mlemle chumbani.

Hapo ndipo sheria za magereza zilipoingia. Mfungwa haruhusiwi kuchangamana na raia. Kwa hiyo fundi seremala aliletwa, akaweka ubao kifuani kwa Bi Siwema, unaotenganisha upande na upande. Hula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto hulishwa adhabu yake upande wa pili. Hawezi kunawa. Hawezi kujifunga kanga. Koplo Mbwilo humwita mkewe aje amfunge. Ila raia mwema ana haki ya kumtembelea mfungwa, na haki hiyo kwetu inaheshimiwa. Kila Jumapili ubao huondolewa dakika ishirini, na mkono wa kulia huutembelea wa kushoto. Mimi ndiye msimamizi. Nakaa na saa yangu, naitazama mikono ile ya kizee imeshikana juu ya mapaja, inasuguana taratibu.

Tunu huja saa hiyohiyo na mtoto. Salama sasa ana miezi saba, mnene, ana meno mawili. Akimwona bibi yake dirishani hunyoosha mikono yote miwili abebwe. Bi Siwema hunyoosha wa kulia. Wa kushoto hauruhusiwi kuvuka, na Koplo Mbwilo sasa anaangaliwa na koplo mwingine, ambaye hakuzaliwa Matopeni. Mtoto wa kilo tisa habebeki kwa mkono mmoja kupitia kidirisha cha majalada. Tumejaribu kila namna.

Basi mtoto hulia. Kwa kuwa yeye ni raia, na kila raia asikilizwe, mimi hufungua daftari nikaandika kilio chake chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukurasa baada ya ukurasa. Bibi yake naye hulia. Hicho sijapewa pa kukiandika.